Kubwiro-tini na mitini yao: hotuba kwa wapenda ndege

Mabibi na mabwana, walimu, vijana wa vilabu vya mazingira, na nyinyi wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni.

Leo nazungumzia jenasi moja ndogo ya ndege, Sphecotheres, jamaa wa kubwiro. Kubwiro wa kwetu mnawajua. Kuna yule wa manjano mwenye kichwa cheusi, Oriolus larvatus, anayepiga mluzi mororo juu ya miti mirefu ya Kenya na Tanzania. Kuna wa kichwa cha kijani, wa misitu ya Usambara na Shimba Hills. Na kuna yule mgeni wa manjano anayeshuka huku kila mwaka baridi ikianza Ulaya na Asia. Hao ninaowaleta leo hawaishi Afrika. Kwao ni kaskazini na mashariki mwa Australia, kusini mashariki mwa kisiwa cha Papua, na visiwa vya Timor, Rote, Wetar na Kai. Nitawaita kubwiro-tini, kwa kuwa chakula chao kikuu ni tunda la mtini. Na hoja yangu ni hiyo hiyo: umbo la ndege hawa, desturi yao ya kutembea makundi, kuzoea kwao miji, hata ugomvi wao na wenye mashamba, vyote vinaanzia kwenye tunda. Mtu asiyeujua mtini atamwona ndege huyu kwa macho tu.

Jenasi hii ilipewa jina na Mfaransa Louis Pierre Vieillot mwaka 1816, kwa ndege wa Timor. Orodha nyingi za leo huhesabu spishi tatu. Sphecotheres viridis ni wa Timor na Rote, na dume lake ni la kijani tangu shingoni mpaka tumboni. Sphecotheres hypoleucus anapatikana Wetar peke yake, naye dume lake lina tumbo jeupe. Wa tatu, Sphecotheres vieilloti, ndiye wa Australia, Papua na Kai, na ndiye anayejulikana kuliko wenzake wote. Hapa naomba wanafunzi wasikilize vizuri, kwa sababu wengi hujikwaa. Vitabu vya zamani vya Australia viliwaweka wote katika spishi moja, wakamwandika ndege wa Brisbane kwa jina la viridis. Ukikuta maandishi ya zamani yanayosema viridis, angalia kwanza yanazungumzia nchi gani kabla hujachukua vipimo vyake na kuvitumia.

Undugu wa familia ya kubwiro, ambamo kubwiro-tini wamo, una mambo ya kushangaza. Uchunguzi wa vinasaba umewaweka karibu na kubwiro-tini baadhi ya ndege wa Papua waitwao pitohui, akiwemo Pitohui dichrous, ambaye ngozi na manyoya yake vina sumu. Sumu hiyo ni ya aina moja na ile ya vyura wa Amerika ya Kusini wanaotumiwa kupakia vishale, na taarifa yake ilichapishwa mwaka 1992. Ndege wa New Zealand waitwao piopio nao wamo katika familia hii, ila hao wamekwisha kutoweka. Kubwiro-tini hawana sumu yoyote.

Tuje sasa kwa ndege mwenyewe, na nitashika yule wa Australia. Ana urefu wa sentimita 27 hadi 29 na uzito wa gramu 120 hivi. Mwili umejaa, mkia si mrefu sana, mdomo ni mfupi na mnene. Dume ana kichwa cheusi na mgongo wa kijani cha zeituni. Kuzunguka jicho lake pana kiraka cha ngozi tupu isiyo na unyoya hata mmoja, na hapo ndipo pa kuelekeza darubini. Ndege akiwa ametulia, ngozi hiyo huwa imefifia, ya rangi ya maziwa au waridi hafifu. Akighadhibika, akigombania tawi au akimchumbia jike, inageuka nyekundu iliyokolea. Kwa hiyo usiandike kwamba umeona aina mbili za madume kwa sababu ya rangi ya ngozi tu. Huenda ni dume mmoja aliyekasirika.

Tofauti ya kweli ya madume iko kifuani. Wa kusini, kuanzia jimbo la New South Wales mpaka kusini mwa jimbo la Queensland, ana shingo na kifua cha kijivu, na ubavu wa kijani. Wa kaskazini, yule wa Cairns na rasi ya Cape York, ni wa manjano safi toka kooni. Zamani walidhaniwa ni spishi mbili. Katikati ya pwani ya Queensland wanakutana na kuzaana, na makinda yao hubeba rangi za pande zote mbili, ndiyo maana sasa wanahesabiwa kuwa nususpishi tu.

Jike ndiye mtihani. Hana weusi wala manjano. Mgongo wake ni wa kahawia, chini ni mweupe mwenye michirizi mizito ya kahawia, na ngozi ya jicho lake ni ya kijivu. Katika miti hiyo hiyo yumo kubwiro halisi, Oriolus sagittatus, mwenye michirizi vilevile, na watu huwachanganya kila siku. Anza na mdomo: wa kubwiro ni mrefu kidogo na una wekundu wa samaki samoni, wa kubwiro-tini jike ni mfupi na mweusi mweusi. Kisha jicho. Kubwiro mzima ana jicho jekundu na manyoya yamelifikia mpaka ukingoni. Kubwiro-tini ana jicho la giza ndani ya ile ngozi tupu. Mgongo wa kubwiro ni wa kijani, na michirizi ya kifuani mwake ni myembamba na myeusi, imekatika vizuri. Ukishindwa kuona hata kimoja kati ya hivyo, tazama anakaa na nani. Kubwiro hukaa peke yake au na mwenzake, amejificha kwenye majani. Kubwiro-tini hutua kwa makundi, hupiga kelele fupi fupi zinazoshuka sauti, na haoni haya kukaa wazi juu ya waya za umeme. Madume wachanga hufanana na majike, kwa hiyo kundi linaloonekana kuwa na majike wengi mno huenda lina vijana wa kiume ndani yake.

Kwa nini makundi? Jibu limo ndani ya tini, na naomba tukae hapo kidogo.

Tini si tunda kama embe. Ni mfuko uliofungwa, na maua yake, mamia kwa mamia, yamo kwa ndani. Mlango ni tundu dogo kwenye ncha, limezibwa kwa magamba yaliyopandana. Anayeweza kupita hapo ni nyigu mmoja mdogo wa milimita chache. Karibu kila spishi ya mtini ina nyigu wake: mtini mkubwa wa Moreton Bay, Ficus macrophylla, una Pleistodontes froggatti, na mkuyu wetu, Ficus sycomorus, una Ceratosolen arabicus. Jike la nyigu hujipenyeza kwa nguvu mpaka mabawa yanakatika mlangoni. Ndani anapaka maua chavua aliyokuja nayo, anataga mayai katika baadhi ya maua, kisha anakufa humo humo. Ua lililotagwa linalisha buu. Ua lililopata chavua bila yai linakuwa mbegu. Wiki kadhaa baadaye madume, wasio na mabawa, hutoka kwanza, huwapanda majike wangali ndani ya vifuko vyao, kisha hutoboa njia ya kutokea. Majike hubeba chavua na kuruka. Wana siku moja au mbili tu za kuutafuta mti mwingine wenye tini changa.

Matokeo yake kwa ndege ni haya. Matunda ya mti mmoja huiva karibu kwa pamoja, ila miti jirani haifuatani. Nyigu wasingeweza kuishi kama mitini yote ingeiva mwezi mmoja. Kwa hiyo karibu kila mwezi wa mwaka upo mti fulani, mahali fulani, uliojaa matunda laini, na umbali kidogo toka hapo hakuna kitu. Chakula cha namna hiyo ni kingi kupita uwezo wa ndege mmoja kukilinda, na ni kigumu kukipata kwa macho mawili. Ndege anayejitenga akae na eneo lake mwaka mzima angekufa njaa. Kundi la ndege 20 au 40 linazunguka, na likipata mti linakula mpaka matunda yaishe, halafu linahama. Wanaofika mara moja na kukuta mtini mtupu husema ndege wametoweka. Hawajatoweka, wamehamia mtini mwingine.

Mezani hapo hawako peke yao. Kasuku wa rangi nyingi, njiwa wa matunda, kekeo na kubwiro hufika mchana, na popo wakubwa hushika zamu ya usiku. Tini ndogo, kama za Ficus rubiginosa zenye upana wa sentimita moja na kidogo, kubwiro-tini humeza nzima. Zile za Moreton Bay hufikia sentimita 2 na zaidi, nazo huzidonoa vipande. Hapo ndipo ufupi na unene wa mdomo unapofaa. Tini pia ni chanzo kizuri cha kalisi, kuliko matunda mengi ya porini. Lakini msiwadhanie kuwa walaji wa tini pekee: hula forosadi, mapera, matunda mengine ya msituni, hunywa nekta, na hukamata wadudu.

Kutaga huanza kwa wingi mwezi wa Oktoba na kuendelea hadi Februari, ambayo huko ni masika na kiangazi. Kiota hutundikwa kwenye panda la tawi la mlalo, juu sana, mara nyingi kupita mita 10. Ni bakuli jembamba la vikonyo vya mitambaazi na vijiti, limefungwa kwenye kingo tu, na ni jepesi kama kung'uto: ukisimama chini yake unaweza kuyaona mayai. Mayai huwa mawili hadi manne, mara nyingi matatu, ya kijani kibichi kilichofifia yenye madoa mekundu ya kahawia. Baba na mama wote huatamia na kulisha. Kuatamia huchukua wiki mbili na siku chache, na makinda hukaa kiotani kwa muda kama huo.

Kiota chepesi namna hiyo kinahitaji majirani wakali. Jozi kadhaa hujenga karibu karibu, na mara nyingi karibu na kiota cha mramba au cha ndege wa jenasi Philemon, ambao hufukuza kunguru na vipanga bila woga. Hata hivyo yuko adui ambaye ukali huo haumzuii. Kekeo aitwaye koel, ambaye huwasili mashariki mwa Australia toka kaskazini kila mwezi wa Septemba au Oktoba, hutaga yai lake kiotani mwa kubwiro-tini. Kinda la koel likiangua huyasukuma mayai na makinda ya wenyeji nje, kisha hulishwa na wazazi wa kulea. Ukiona kubwiro-tini analisha kinda kubwa kuliko yeye, lenye mistari na kilio kisichokoma, huyo si mwanawe. Mwacheni. Koel naye ni ndege wa asili wa nchi hiyo, na kuondoa mayai kiotani ni kosa kisheria.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa kuliko yote, nalo ni kazi ya kupanda. Mbegu za tini ni ndogo mno na hupita tumboni bila kuharibika. Ndege hunya akiwa kwenye tawi la mti mwingine, mbegu inashika kwenye ufa wa gome penye uchafu na unyevu, na mtini unaanza maisha yake juu hewani. Mizizi hushuka taratibu mpaka ardhini, hujifunga shina la mwenyeji, na baada ya miaka mingi mtini unasimama wenyewe. Misitu ya mvua ya pwani ya mashariki mwa Australia imefumwa kwa njia hiyo, na vivyo hivyo mingi ya mikuyu na milandege yetu imepandwa na hondohondo, ninga na wenzao.

Nyuma ya mji wa Byron Bay, kaskazini mwa New South Wales, palikuwa na msitu wa mvua wa hekta 75,000 hivi ulioitwa Big Scrub. Ulikatwa katika karne ya 19 kwa ajili ya mbao na malisho, na kilichobaki hakifiki asilimia moja, tena vipande vipande. Malisho yalipoachwa, mti uliotawala ulikuwa mkafuri, Cinnamomum camphora, uliotoka Asia ya Mashariki. Matunda yake meusi ya sentimita moja huiva wakati wa baridi, msimu ambao matunda ya asili ni haba. Kubwiro-tini huyala na kuyatapakaza, kama wanavyolitapakaza gugu la Solanum mauritianum, ambalo watu wa nyanda zetu za juu wanalifahamu pia. Wapo wanaomlaumu ndege. Si haki. Ndege huyo huyo anayeleta mkafuri ndiye anayeleta mbegu za msitu wa asili chini ya kivuli cha mkafuri, na bila yeye mashamba hayo yangebaki nyasi.

Wanaorudisha msitu huko wamejifunza kuitumia tabia hiyo. Hawakati mikafuri yote kwa mpigo. Ukiikata yote, mwanga unafika chini, nyasi na mitambaazi ya kigeni hulipuka, na ndege hawana tena pa kutua, kwa hiyo mbegu za asili hazifiki. Badala yake huchagua kipande kimoja, wakatoboa mashimo kuzunguka shina na kujaza kiuagugu papo hapo kabla kidonda hakijakauka. Mti hufia umesimama. Ndege wanaendelea kutua kwenye matawi makavu na kudondosha mbegu, na miche ya asili iliyokuwa imekaa kivulini inapata mwanga kidogo kidogo. Kazi inayowashinda wengi ni ya baadaye: kurudi kung'oa miche ya mkafuri kwa miaka kadhaa. Anayeua miti mikubwa kisha asirudi ameupandia mkafuri shamba jipya.

Mjini, mitini iliyopandwa katika bustani na kandokando ya barabara za Brisbane, Townsville na Sydney imemfanya ndege huyu kuwa jirani wa watu. Anayetaka kumpandia apande kwa akili. Ficus macrophylla si mti wa uani. Mizizi yake hubomoa kuta na kuziba mabomba ya maji machafu. Uwekwe penye uwanja mpana, angalau mita 20 toka kwenye jengo lolote, na iwapo nafasi haipo, forosadi au mti mdogo wa matunda wa asili ya pale utatosha. Tena kagua mifereji ya paa kila mwaka, maana mche wa mtini uliopandwa na ndege huota humo, na ukiachwa mizizi huingia ukutani.

Namalizia na nyavu, kwa kuwa ndizo zinazowaua ndege hawa mbele ya macho yetu. Mwenye miti ya matunda ana haki ya kulinda mavuno yake. Kosa liko kwenye wavu wa bei nafuu wenye matundu mapana na nyuzi nyembamba, uliotupwa tu juu ya mti ukaning'inia. Ndege hutua, mguu unapita, anapiga mabawa, bawa nalo linanasa, na kadiri anavyojitahidi nyuzi zinakaza hadi damu haipiti. Popo na nyoka hufa hivyo hivyo. Jimbo la Victoria limeweka sheria tangu Septemba 2021: wavu wa miti ya nyumbani usiwe na tundu linalozidi milimita 5 kwa 5 ukiwa umevutwa kikamilifu. Kipimo cha haraka dukani ni kidole: kikipita kwenye tundu, usinunue. Kubwiro-tini ni nadra Victoria, lakini kipimo hicho kinawafaa hata zaidi watu wa Queensland na New South Wales, anakoishi kwa wingi.

Chagua wavu mweupe, kwa kuwa huonekana usiku na mchana. Ufunge baada ya matunda kushika, usiwazuie nyuki wakati wa maua. Usiulaze juu ya majani. Simamisha fremu, uuvute mpaka ukaze kiasi kwamba ukiubonyeza kwa kiganja unarudi. Chini ufunge kwenye shina au ubanwe ardhini pande zote, maana ndege akiingia kwa chini hajui kutoka. Ukaguliwe asubuhi na jioni, na uondolewe siku mavuno yanapoisha. Kwa mti mkubwa, mifuko ya kufunika vichala vya chini inatosha, na matunda ya juu waachie ndege.

Ukimkuta amenasa, usimvute. Mfunike kichwa kwa kitambaa ili atulie, kata wavu kumzunguka ukiacha kipande kilichomkaza, umweke kwenye boksi lenye matundu ya hewa, umpeleke kwa daktari wa mifugo au waokoaji wa wanyamapori pamoja na kipande hicho. Usimwachie aruke hapo hapo hata akionekana mzima: jeraha la kubanwa huvimba na kuoza baada ya siku moja au mbili, na mguu ambao daktari angeuokoa mapema hupotea.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nakaribisha maswali, na wenye picha za majike wasiowatambua wazilete mbele tuziangalie pamoja.